Kilomita Sita Zisizo Kwenye Daftari

Jumapili, 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Najua ukiona bahasha nene utasema huyu ana shida. Ni kweli, nina shida. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu umenijibu "nami nashukuru" ukakata. Kwa hiyo naandika, na dereva wa gari la maziwa ameahidi kukufikishia mkononi.

Unakikumbuka chama chetu cha baiskeli kinachokutana kila Jumapili mbele ya karakana yangu? Tulikuwa kumi na tisa, tumebaki kumi na mmoja. Mwezi wa kwanza mwenzetu mmoja, nesi wa zahanati, alipigwa bega na kioo cha lori kwenye barabara kuu. Lori halikusimama. Bega limeunga, lakini mumewe ameifungia baiskeli stoo na ufunguo anatembea nao. Baada ya hapo wengine wakaanza kuniletea visingizio, huyu mgongo, yule ana wageni. Simlaumu mtu. Hata mimi lori likinipita karibu naushika usukani mpaka vidole vinakufa ganzi, na wewe unajua kwa nini. Aliyefiwa na baba kwenye barabara kuu hazoei malori, hata akifikisha miaka thelathini na miwili.

Sasa sikia. Halmashauri inakaa tarehe 30 Juni kuamua barabara za zamani za changarawe zifanywe nini. Kuna kampuni inataka kufungua tena machimbo ya mawe na inaziomba zote zipanuliwe kwa ajili ya malori yake. Sisi tumeomba zile ambazo hazijapitisha gari kwa miaka mingi zifungwe kwa nguzo, ziachiwe baiskeli na watembea kwa miguu. Karani hakutucheka, ila alitupa sharti: tuonyeshe njia moja isiyokatika, kutoka sokoni mpaka bwawani, na tuiendeshe yote kwa siku moja bila kugusa lami. Tukishindwa, kampuni inapewa, na chama changu nakizika.

Wewe umeendesha greda miaka thelathini na moja. Hakuna changarawe huku ambayo kisu cha greda yako hakijaipitia. Niandikie zote. Nimebandika ramani ukutani juu ya meza ya vifaa, imejaa mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Mama hajambo, cherehani hailali. Nimemwambia nakuandikia. Akasema, "Haya."

Mpwa wako,
Spoki


9 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Kwanza uache kunisingizia. Simu nilisikia vizuri, wewe ndiye uliyekuwa unanong'ona. Daktari anasema masikio yangu yameondoka na injini. Mimi nasema watu wa siku hizi hawana sauti.

Pili, nimefurahi mpaka jirani kaja kuuliza kama nimepata barua ya serikali. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza kitu kuhusu barabara. Wananiuliza bei ya mbegu, kana kwamba najua lolote kuhusu mbegu.

Chukua kalamu. Ukitoka sokoni pita nyuma ya kiwanda cha mbao. Hiyo changarawe ni ngumu, niliishindilia mwenyewe. Hesabu kalavati. Kwenye ya nne shika kushoto, panda mpaka kwenye msitu wa miti ya mbao. Humo hakuna gari kabisa. Ukitokea upande wa pili kuna shamba la mjane mfuga kondoo. Mwombe ruhusa kwa heshima na usipige kengele, kondoo wake wana roho nyepesi. Kutoka hapo kalavati saba, kisha kulia, mpaka daraja la chuma. Mbele huko, kwenye tangi la maji, changarawe inaanza tena na inakufikisha bwawani kwa mteremko mtamu, utaacha pedeli zipumzike.

Kila mahali angalia mikato ya maji. Dereva wa greda hafikirii magari, anafikiria maji. Yakikaa barabarani siku tatu, kazi yako yote imekwenda na maji hayo. Kwa hiyo mimi nilikuwa nailaza barabara kidogo kuelekea bondeni ili yateremke yenyewe, na kila mita arobaini nikachimba mkato upande wa chini. Wenzangu walikuwa wanachimba kila mita mia, wavivu. Ukiona mikato iliyobanana hivyo, hata kwenye majani, ujue mjomba wako alipita.

Kati ya daraja na tangi hakuna njia. Hapo ingieni barabara kuu, kilomita ishirini na nane, mkaze mwendo. Ndivyo hali ilivyo.

Dada alisema "haya" tu? Hakuongeza neno?

Mjomba wako,
Greda


30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kushoto kwako kumetupeleka kwenye ua wa mtu aliyekuwa anaoga nje kwa ndoo. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, yeye mmoja, na taulo lilikuwa mbali. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye mkubwa wetu chamani, alimsalimia kwa adabu akitazama mawingu, tukageuza baiskeli kimya kimya.

Nilikasirika nusu saa, halafu nikacheka peke yangu. Karakana yenu ya greda ilikuwa kule bwawani. Kila asubuhi ulitokea kule kuja huku. Kwa hiyo kalavati umezihesabu vizuri kutoka sokoni, lakini mikono umeiacha kwenye kiti cha greda. Tangu nianze kugeuza kila kushoto kwako kuwa kulia, hatujapotea tena.

Njia ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kwenye ule msitu tuliendesha saa nzima bila kusikia injini. Unasikia changarawe ikisagika chini ya tairi, mnyororo wa mwenzako, na pumzi yako mwenyewe. Mwalimu alisema hakuwahi kujua kwamba baiskeli yake inalia hivyo. Nikamwambia inalia kwa sababu hujaitia grisi tangu uinunue. Mjane wa kondoo amekubali kwa masharti mawili: tushuke tukifika langoni kwake, na tukufikishie salamu. Anasema greda yako iliwahi kumwangushia uzio, nawe ukarudi siku yako ya mapumziko ukausimamisha kwa mikono.

Sasa la muhimu. Tulipovuka daraja la chuma nilisimama kujaza upepo, nikaona tuta la udongo, refu kunizidi mimi, limeota vichaka. Nyuma yake ardhi ni bapa kwa upana wa gari moja na inazunguka kilima kuelekea upande wa tangi. Nilitembea humo mita mia mbili nikihesabu hatua. Kila mita arobaini kuna mkato upande wa chini.

Mjomba, hapo palikuwa na barabara?

Spoki


6 Aprili

Marahaba.

Hiyo ni njia ya ng'ombe. Usiingie humo. Kuna nyoka na ardhi ni mbovu. Piteni barabara kuu. Ukienda kuongea na karani vizuri atawalegezea sharti.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Ng'ombe hawajengi tuta, wala hawachimbi mikato kila mita arobaini. Mimi ni fundi baiskeli, si mtoto wa chekechea.

Nilikwenda kwa karani kama ulivyosema. Nilimbembeleza mpaka nikajionea aibu. Amesema ikihusika hata mita moja ya lami, ombi letu halifiki mezani. Jumapili iliyofuata wawili wakaacha chama, tumebaki tisa. Kwa hiyo tumeamua kuifungua hiyo njia yako ya ng'ombe. Tumelichimba tuta kwa majembe na sururu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mwalimu aliharibu suruali ya kazini, alikuja moja kwa moja kutoka shuleni. Tumefyeka kilomita nne. Ardhi si mbovu hata kidogo, chini ya majani changarawe bado ipo imara, na nyoka sijamwona.

Kilomita ya nne kuna kona kali, kilima kulia, bonde kushoto. Nilipoipita kwa baiskeli nilihisi tairi la nyuma linavutwa kwenda nje, kama mtu kanishika shati. Nikashuka, nikachungulia bondeni. Kuna lori chini, mjomba. Limeliwa na kutu, mti umeota katikati ya chesisi. Mlango mmoja bado una rangi, buluu yenye mstari mweupe.

Nilimsimulia mama akiwa anapachika zipu. Akaacha kukanyaga cherehani. Akaniuliza, "Mstari mmoja au miwili?" Nikasema mmoja. Akakikunja kitambaa kabla ya kukimaliza, akaingia chumbani, na leo ni siku ya nne hajashona. Mama, aliyeshona hata siku aliyong'olewa jino.

Kuna kitu mnanificha, wewe na yeye. Nimekua nikijua mligombania kiwanja cha babu, na sikuuliza kwa sababu mtoto haulizi mambo hayo. Sasa nauliza. Na hata usiponijibu, kilomita mbili zilizobaki tutazifyeka.

Spoki


27 Aprili

Spoki,

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Baba yako hakufia barabara kuu. Alifia pale, kwenye kona uliyoiona. Lori lile ni lake.

Alikuwa dereva wa machimbo, hilo unalijua. Kuzunguka kwa barabara kuu mpaka nyumbani kulikuwa mbali, kwa hiyo alilala kambini wiki nzima na nyumbani mlimwona Jumamosi. Nikajiamulia mwenyewe kumkatia njia fupi. Hakuna aliyenituma. Kilomita sita, siku tisa, greda ya serikali na dizeli ya serikali, huku kwenye kitabu cha kazi nikiandika kwamba niko barabara ya bwawani. Miezi mitatu baba yako alilala nyumbani kila siku. Wewe ulikuwa unamsubiri kwenye ngazi na ndara zake umezishika mkononi. Nilikuwa najisifu moyoni, nikajiona nimefanya la maana kuliko barabara zote nilizotumwa.

Kona ile niliilaza kuelekea bondeni, kama nilivyolaza kila barabara. Nilifikiria maji. Sikufikiria mzigo. Lori likiwa tupu lilipita bila tatizo. Siku ile alikuwa amepakia mawe ya kupeleka kesho yake, na kona ikamtupa nje.

Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nilimbeba mgongoni mpaka barabara kuu, kwa sababu barabara ile haikuwepo kwenye karatasi yoyote na mimi niliogopa. Ndiyo maana imeandikwa kwamba alifia barabara kuu. Niliyeandikisha hivyo ni mimi. Wenye machimbo walinyamaza, nao hawakutaka kuulizwa lori lao lilikuwa humo likifanya nini. Siku ya pili baada ya mazishi nilichukua greda nikaifunga njia pande zote mbili.

Mama yako nilimwambia siku ile ile. Hajanisemesha tangu hapo. Ni miaka ishirini na sita, na sijamlaumu hata siku moja.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini msipite pale.

Mjomba wako


18 Mei

Mjomba,

Shikamoo imenigomea wiki tatu, ndiyo maana nimekaa kimya. Leo naitoa. Shikamoo.

Nilifunga karakana siku tatu. Nilikasirika mpaka nikakata spoki zote za gurudumu moja, thelathini na sita, halafu ikabidi niziweke mpya maana gurudumu lilikuwa la mteja. Miaka yote nimeichukia barabara kuu kwa niaba ya baba. Kibao cha kilomita arobaini na moja nimekipita nikigeuza uso pembeni. Mmeniacha nilie mahali pasipo na kitu. Hasira hiyo bado ninayo, sitakudanganya.

Kisha nikamsomea mama barua yako neno kwa neno. Nilipofika pale unaposema ulijiamulia mwenyewe, akasema, "Mwongo huyo." Akaniambia ni yeye aliyekuomba. Alikwambia amechoka kuwa mjane Jumatatu mpaka Ijumaa. Ulikataa mara mbili, mara ya tatu akalia. Anasema ulipoifunga barabara hukukanyaga tena nyumbani, naye akajua umemchukia kwa kukuingiza kwenye balaa lile. Wewe huko unajua yeye ndiye aliyekususia. Watu wazima wawili, miaka ishirini na sita, kila mmoja anangoja kukaripiwa na mwenzake. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Sasa nisikilize, nimekata shauri. Kampuni imeshaleta watu wa kupima, wamepigilia vigingi vyekundu kwenye msitu wa mbao. Nesi amekuja karakana Jumamosi na baiskeli yake. Alimwambia mumewe kwamba njia hii haina gari hata moja, na kama ana shaka aje achimbe aone. Amekuja, anachimba, na anachimba vizuri kuliko sisi wote. Kilomita sita zote zimefyekwa. Imebaki kona.

Tunapita, mjomba. Pale ndipo alipo baba yangu, na sitazunguka tena kwa barabara kuu kana kwamba hayupo. Samahani zako nitazipokea siku nyingine. Leo nataka vipimo. Ile kona inalazwaje ili isimtupe mtu?

Spoki


22 Mei

Spoki, marahaba.

Kona inatakiwa ilale kwa ndani, kuelekea kilimani. Ukingo wa nje uwe juu ya ule wa ndani kwa shibiri moja na nusu. Anzeni kuinua mita thelathini kabla ya kona, pole pole, anayeendesha asihisi. Tafuteni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujazeni maji, ncha moja ishikwe ukingo wa nje na nyingine wa ndani. Maji yatasimama sawa kote kuwili, nanyi mpime tofauti kwa rula. Udongo uwekwe tabaka la vidole vinne, mwagieni maji, shindilieni, ndipo tabaka la pili. Mkijaza kwa mkupuo mmoja itabomoka mvua ya kwanza. Maji ya mvua sasa yatakimbilia kilimani, kwa hiyo chimbeni mfereji upande huo na mlaze kalavati moja chini ya barabara.

Vipimo hivyo ninavyo kichwani miaka ishirini na sita. Niliipima kona ile kila siku nikiwa kwenye kiti cha greda, nikilima barabara nyingine.

Kuja siwezi. Usidhani ni miguu. Nikimwona dada amesimama pale sijui nitauweka wapi uso. Alilia, ndiyo. Hakutakiwa kukwambia. Aliyeshika usukani ni mimi, na ningeweza kukataa hata mara ya tatu.

Mjomba wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Mkono wangu umezoea sindano, utanisamehe mwandiko.

Nimekuja kwenye kona. Wiki hii nimekuja kila siku, nakaa kwenye kigoda na kazi yangu ya mkono. Siku ya kwanza sikuinua macho kwenye sindano, ya pili pia. Ya tatu nikaanza kuwatazama wanavyofanya. Wanabandika udongo kama viraka. Mimi si mtu wa barabara, lakini viraka navijua, na hivi havitadumu. Mwalimu wa hesabu anapima, anafuta, anapima tena, binti yangu anamgombeza. Barua yako wameikunja mpaka imechanika.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mume wangu aliijua ile kona. Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Shemeji kaikata vibaya pale. Tupu napita, na mzigo sipiti." Nikasema nitakwambia uirekebishe. Sikukwambia. Niliona umejitolea siku tisa kwa ajili yangu, nikaona aibu kukutolea kasoro. Na siku ile alipita na mzigo kwa sababu nilimpelekea ujumbe kwa mtu. Mtoto alikuwa na homa kali, nikamwambia awahi, na lori lilikuwa limeshapakiwa. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayechimba hapa mbele yangu, jasho linamtoka. Hilo la homa lisitoke kwako wala kwangu, mpaka tunaingia kaburini.

Sikukususia. Nilikuwa naogopa ukifungua mdomo utaniuliza kama alikuwa anajua.

Chumba cha nyuma nimekitandika. Lete kofia, jua la huku halijabadilika. Ukifika usianze na maneno, anza na udongo, maana siku zinakwisha.

Dada yako


19 Juni

Mjomba, shikamoo.

Kona ilipokamilika uliondoka alfajiri bila kuniaga, ukaniachia kofia na ile rula. Mwalimu ameikataa rula. Anasema baada ya kukuona ukipima kwa jicho na kupatia, yeye hafundishi tena vipimo. Sijawahi kumwona mtu akiwakaripia watu kwa siku sita na wote wakampenda. Mume wa nesi anauliza unarudi lini.

Umekosa siku yenyewe, kwa hiyo nakusimulia. Tarehe 15 tulikuwa ishirini na mbili. Waliotoroka wote walirudi, na wapya wakajiunga. Karani naye alikuja na baiskeli ya kuazima, amevaa viatu vya ofisini, akitaka kuona kwa macho yake. Kwa mjane wa kondoo alishuka langoni bila kuambiwa. Kwenye kona nilitangulia mimi. Niliiingia bila breki, mjomba, na baiskeli ikakaa. Ilinishika kama kiti cha mtu anayenijua. Nilifika mbele nikashuka, nikalia mpaka wote wakawa wameshapita, na nesi akasimama nami akinishikia baiskeli. Saa kumi na robo tulikuwa bwawani, karani akiwa wa mwisho, visigino vimechubuka. Lami hatukuigusa hata kwa bahati mbaya.

Lakini bado hatujamaliza. Zile kilomita sita hazimo kwenye daftari la barabara. Mwenyekiti wa halmashauri anasema hawawezi kufunga kwa nguzo barabara ambayo kwao haipo. Anataka maelezo ya maandishi ya aliyeikata: lini, kwa nini, kwa nini ikafungwa, na kilichotokea. Yawe na shahidi aliyekuwepo wakati huo. Amesema mbele yetu wote kwamba maelezo yakifika kabla ya tarehe 30, ombi letu linapita. Yasipofika, kampuni inapewa. Huenda wakakuita mbele ya kamati kwa ajili ya greda na dizeli. Sitakulazimisha. Umeshafanya zaidi ya nilivyoomba.

Mama anasema shahidi ni yeye. Yuko njiani na gari la maziwa hili hili lililobeba barua hii, kwa hiyo ukiisoma ameshakaa mbele yako.

Karani ameuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini baba alipita na mzigo siku ile, ikiwa siku zote alipita tupu? Nilimuuliza mama. Akasema mjomba ndiye anayejua, ataandika.

Spoki


21 Juni

Kwa Karani wa Halmashauri.

Kuhusu barabara kati ya daraja la chuma na tangi la maji.

Mimi ni dereva wa greda mstaafu. Barabara hiyo, kilomita sita, niliikata mimi miaka ishirini na sita iliyopita kwa siku tisa, bila agizo, kwa greda na dizeli ya serikali. Niliikata ili shemeji yangu, dereva wa lori la machimbo, aweze kulala kwake. Kitabu cha kazi cha siku hizo nilikijaza uongo. Mkitaka kuniita nitakuja, ila mniwekee kiti cha mbele, sisikii vizuri.

Kona ya kilomita ya nne niliilaza upande usiofaa. Shemeji yangu alipinduka hapo na kufariki. Daftari lenu linasema alifia barabara kuu. Si kweli, nilimhamisha mimi kwa woga. Naomba isahihishwe, kwa sababu ana mtoto ambaye amekuwa akimkumbuka mahali ambapo hakufia.

Kuhusu mlichouliza, kwa nini siku hiyo alipita na mzigo. Marehemu alinijia asubuhi, akaniuliza kama kona inahimili lori lililojaa. Nilimwambia inahimili. Alipita kwa sababu aliniamini. Hakuna mtu mwingine aliyemwita, wala aliyemharakisha, wala aliyejua.

Kona hiyo nimeilaza upya mwezi huu kwa mikono yangu na ya wanachama wa chama cha baiskeli. Sasa inabeba. Naomba nguzo zisimikwe, gari lisipite hapo tena.

Dereva wa greda mstaafu

Shahidi: Nimesoma yote, neno kwa neno, nikarudia. Nimeweka sahihi.
Dada yake, mjane wa marehemu